Hoteli Kongwe za Vienna: Chagua Chumba Kwanza

Anayepanga kulala katika hoteli kongwe za Vienna huanza kwa kuuliza ipi iliyo bora kuliko zote. Kwa maoni yangu swali hilo halimsaidii sana. Hoteli nne zinazotajwa kila mara, yaani Sacher, Imperial, Bristol na Grand Hotel Wien, zimekaa katika kipande kimoja cha mji, na ukitoka Sacher kwa miguu hadi Imperial utatumia kama dakika kumi. Zote ni za nyota tano. Zote zina marumaru, taa za vioo zinazoning'inia, mazulia mazito na wahudumu wanaoijua kazi yao. Ukizilinganisha kwa majina na picha utazunguka wiki nzima usifike popote, maana tofauti iliyo kubwa kuliko zote imo ndani ya kila hoteli, kati ya chumba na chumba.

Mengi ya majengo haya yalisimamishwa karne ya 19, kabla ya mtindo wa sasa wa kujenga vyumba mia mbili kwa ramani moja. Katika jengo lilelile utakuta chumba chenye dari ya juu na madirisha marefu yanayotazama nyumba ya Opera, na milango mitatu mbele yake chumba chembamba kinachotazama ukuta wa ua wa ndani. Pengine bei zake hazipishani sana. Mgeni aliyelipa mamia ya euro kwa usiku mmoja akapewa kile cha pili atarudi nyumbani akisema hoteli ile ni jina tu. Aliyelala kile cha kwanza atawashauri ndugu zake wote waende hukohuko. Kwa hiyo kazi kubwa ya kuchagua ni kujua chumba gani uombe, na uombe vipi, kabla kadi yako haijakatwa.

Ili ujue vyumba vilifikaje kuwa hivyo, inafaa kujua majengo yenyewe yalizaliwaje. Hadi katikati ya karne ya 19, Vienna ya kati ilikuwa imezungukwa na kuta za ngome. Desemba 1857 Kaizari Franz Joseph aliamuru kuta zibomolewe, na mahali pake ikapitishwa barabara pana ya mviringo, Ringstrasse, iliyofunguliwa rasmi Mei 1865. Kando yake yakaota majumba ya matajiri na ya serikali. Nyumba ya Opera ilifunguliwa 1869, ukumbi wa muziki wa Musikverein mwaka 1870, na mwaka huohuo Grand Hotel ikapokea wageni wake wa kwanza. Kisha ulikuja mwaka wa Maonesho ya Dunia, 1873. Jumba la Duke Philipp wa Württemberg, lililokuwa na umri wa kama miaka kumi tu, liligeuzwa kuwa Hotel Imperial kwa ajili ya wageni wa maonesho hayo. Maonesho yenyewe yaliingia mkosi: siku chache baada ya kufunguliwa, soko la hisa la Vienna liliporomoka, na kiangazi kilekile kipindupindu kikaingia mjini. Hoteli zilibaki. Eduard Sacher alifungua yake mwaka 1876 nyuma ya Opera, na mwaka 1892 ikafuata Bristol, ng'ambo ya Kärntner Straße, ubavuni mwa Opera hiyohiyo.

Katika majumba ya zama zile lifti haikuwa kitu cha kawaida. Tajiri hakutaka kupanda ngazi nyingi, wala hakutaka kulala usawa wa barabara penye vumbi na kelele za farasi. Ghorofa ya heshima ilikuwa ile ya chini chini, juu kidogo ya barabara. Huko ndiko dari zilikoinuliwa na kuta zikapambwa kwa plasta ya nakshi. Kadiri ulivyopanda, dari zilishuka na madirisha yakapungua, na juu kabisa, chini ya paa, walilala watumishi. Sisi tumezoea hoteli za Dar es Salaam na Nairobi, ambako ghorofa ya juu ndiyo ya gharama na ndiyo yenye mandhari. Mtu akienda Vienna na mazoea hayo, akaomba awekwe juu kabisa, huenda akapata dari ya kawaida na kukosa kilekile alichokifuata. Lakini tahadhari: Imperial na Sacher ziliongezewa ghorofa juu ya zile za zamani, na vyumba vya huko ni vya mtindo mwingine. Vina mwanga mwingi, pengine na kibaraza cha kutazamia mapaa ya mji. Anayependa mwanga na hewa atavifurahia. Anayetaka kulala kama mtawala wa karne ya 19 aombe ghorofa za chini. Usishangae pia ukiambiwa chumba kiko ghorofa ya kwanza, kisha lifti ikapita vituo viwili kabla ya kufika: majengo ya zamani ya mji huu huwa na ghorofa za kati zenye majina yake, zisizohesabiwa kwa namba.

Jambo la pili ni upande. Imperial, Bristol na Grand zote ziko Kärntner Ring, barabara yenye miti, magari na tramu zinazopita tangu alfajiri hadi usiku. Madirisha mazito ya tabaka mbili huzuia kelele nyingi, ila anayelala usingizi mwepesi atazisikia. Vyumba vya uani ni kimya, na mara nyingi ni nafuu, lakini mchana vina giza. Hapa hakuna jibu moja kwa wote. Mtu atakayeshinda nje siku nzima na kurudi kulala tu hana haja ya kulipia dirisha la Ring. Wazee wanaopumzika mchana, au mama aliye na mtoto mchanga, watakaa chumbani saa nyingi, na kwao mwanga wa dirisha ni wa kulipia.

Sacher ndiyo yenye jina kubwa zaidi nje ya Austria, na jina hilo limebebwa na keki. Mwaka 1832 kijana Franz Sacher, akiwa bado mwanafunzi wa jikoni, alitengeneza keki ya chokoleti yenye jamu ya aprikoti kwa ajili ya wageni wa Metternich, waziri mwenye nguvu wa dola ya Austria. Eduard, aliyefungua hoteli, ni mwanawe. Eduard alifariki 1892 na mkewe Anna akashika usukani hadi karibu na kifo chake mwaka 1930. Anna Sacher alikuwa mwanamke wa aina yake: alivuta sigara kubwa aina ya cigar mbele za watu, alifuga mbwa wadogo wa Kifaransa, na alikuwa na kitambaa cha meza ambacho wageni mashuhuri walikitia saini, kisha saini zikatariziwa kwa uzi, ya Kaizari Franz Joseph ikiwa katikati. Mwaka 1934 hoteli ilifilisika. Familia ya Gürtler ikainunua, na mpaka leo ni mali ya familia, jambo ambalo si la kawaida tena kwa hoteli za kiwango hiki. Kesi yake na duka la Demel juu ya nani mwenye haki ya kuiita keki yake "ya asili" iliendelea kwa miaka mingi hadi ilipomalizwa kwa mapatano mwaka 1963: Sacher wakabaki na neno hilo.

Umiliki wa familia unaonekana. Vyumba vya Sacher vimejaa: vitambaa vya hariri ukutani, picha za rangi za mafuta, mapazia mazito, wekundu na dhahabu. Anayependa nyumba yenye vitu vingi vyenye historia atajisikia yuko kwa shangazi tajiri. Anayependa kuta nyeupe na meza tupu atahema. Na kuna jambo ambalo picha za matangazo hazilionyeshi: karibu kila siku watu hupanga foleni nje ya mkahawa wake wakisubiri keki, na jirani yake, uwanja wa Albertina, ni kituo cha magari ya farasi na mapito ya watalii. Ndani ni kimya, lakini ukifungua mlango umo katikati ya umati. Mimi ningemshauri mtu achague Sacher kama ameifuata Opera yenyewe, kwa sababu baada ya onyesho la urefu wa saa nne, katika baridi ya Januari, kuvuka barabara moja tu na kuwa kitandani ni raha ambayo hoteli nyingine zote za mji haziwezi kukupa, isipokuwa Bristol.

Imperial ni kitu kingine. Ilijengwa iwe kasri, na ukisimama chini ya ngazi zake za marumaru unaelewa mara moja. Richard Wagner alikaa hapa mwaka 1875 alipokuja kusimamia opera zake. Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza alilala hapa katika ziara yake ya 1969. Hadi leo serikali ya Austria huwaweka hapa wageni wake wa kitaifa, na siku rais wa nchi fulani anapofika utaona bendera mlangoni, polisi barabarani na ghorofa nzima imefungwa. Likikukuta hilo, utakaguliwa na kuzungushwa. Waulize hotelini kabla hujathibitisha tarehe. Hawatakutajia jina la mgeni, lakini watakwambia kama siku hizo kuna shughuli kubwa.

Anayelala Imperial ajue pia upande mwingine wa historia yake. Machi 1938, Ujerumani ilipoimeza Austria, Hitler alifikia hoteli hii. Mmoja wa wamiliki wa Imperial na Bristol, Samuel Schallinger, alikuwa Myahudi. Alinyang'anywa mali yake, akapelekwa kambi ya Theresienstadt, na huko akafa mwaka 1942. Baada ya vita mji uligawanywa kati ya mataifa manne yaliyoshinda: Warusi waliifanya Imperial makao yao, Waingereza wakachukua Sacher, Wamarekani wakatumia Bristol, hadi Austria ilipopata uhuru wake kamili mwaka 1955. Nayasema haya kwa sababu vipeperushi vya hoteli hupenda kuorodhesha wafalme na wanamuziki, na ni haki mgeni ajue kuta zilezile ziliwaona na wengine.

Kwa huduma, Imperial ni ya taratibu na heshima kuliko zote nne. Ni hoteli ya chini ya kundi la Marriott, kwa hiyo wanaokusanya pointi za kundi hilo wanaweza kuzitumia, kama ilivyo kwa Bristol. Jengo lenyewe lilinunuliwa na kundi la Al Habtoor la Dubai katika miaka ya 2010. Nyuma yake tu, ukivuka barabara nyembamba, ndipo ulipo ukumbi wa Musikverein. Kwa wapenzi wa muziki wa okestra, na si wa opera, hapa ndipo mahali pao. Ila wasidanganyike kuhusu tamasha la Mwaka Mpya linalorushwa duniani kote kutoka ukumbi huo. Tiketi zake za kawaida hutolewa kwa bahati nasibu inayoendeshwa na okestra ya Vienna Philharmonic yenyewe, na kulala jirani hakukupi tiketi. Wapo wanaouza vifurushi vya chumba pamoja na tamasha kwa bei za kutisha. Kabla ya kulipa, omba maandishi yanayotaja kiti chenyewe.

Bristol haina ngazi za kifalme wala keki ya kesi mahakamani, na kwa hiyo huachwa nyuma katika mazungumzo. Naona inaonewa. Iko hatua chache tu kutoka Opera, ukumbi wake wa mapokezi ni mdogo na wa joto, na watalii wa kupiga picha hawajai mlangoni. Baadhi ya vyumba vyake vya pembeni hutazama Opera moja kwa moja. Nikiombwa kumchagulia mtu anayekuja mara ya kwanza, anayetaka ukongwe bila kelele za umaarufu, ningemtajia hii kabla ya nyingine, na ningemwambia aulize bei yake siku hiyohiyo anayouliza ya Sacher, maana mara nyingi hupatikana kwa nafuu.

Grand Hotel ina historia inayotugusa sisi moja kwa moja. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilipoanzishwa mwaka 1957 na kuhamia Vienna, lilipewa jengo hili liwe makao yake ya muda, na muda huo ukafika 1979. Kenya ilijiunga na shirika hilo mwaka 1965, Uganda mwaka 1967 na Tanzania mwaka 1976. Kwa wajumbe wao wa mwanzo, Grand Hotel ilikuwa anwani ya ofisi. Baada ya shirika kuhama, jengo lilifanyiwa kazi kubwa na kufunguliwa tena kama hoteli mwaka 1994. Hivyo sura ya nje ni ya 1870, lakini mpangilio wa ndani ni wa karibuni zaidi. Kwa anayejali ukale wa kweli, hiyo ni kasoro. Kwa familia au kwa mtu mwenye masanduku makubwa, anayetaka chumba ambacho hakitamshangaza, ni faida.

Wajumbe wa leo huenda kwenye mji wa Umoja wa Mataifa ng'ambo ya mto Danube, uliofunguliwa 1979, na wengi huwekwa hoteli za hukohuko karibu na mikutano. Kama gharama unajilipia mwenyewe, au posho inaruhusu, kukaa katikati ya mji hakukupotezei muda. Kutoka kituo cha Karlsplatz, karibu na hoteli zote hizi, treni ya chini ya ardhi ya U1 inakupeleka hadi kituo cha Kaisermühlen-VIC, mlangoni mwa ofisi hizo, bila kubadilisha treni. Angalia tu kalenda ya mikutano, hasa mkutano mkuu wa Shirika la Atomiki wa Septemba, kwani siku hizo vyumba hupanda bei mji mzima.

Kalenda ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Opera ya Taifa hufungwa Julai na Agosti. Anayelipia Sacher au Bristol kwa sababu ya Opera, akafika Julai, amelipia mlango uliofungwa. Masoko ya Krismasi huanza katikati ya Novemba na kujaza mji hadi sikukuu, na Mwaka Mpya ndio ghali kuliko nyakati zote. Baada ya hapo, Januari na Februari huwa na vyumba vya nafuu, isipokuwa siku za madansi makubwa, na hasa dansi la Opera linalofanyika Alhamisi ya kabla ya Jumatano ya Majivu. Wiki hiyo Sacher na Bristol ziache kwa wanaokwenda kucheza.

Ukishachagua hoteli mbili, usimalize kazi kwenye programu ya kukodi vyumba. Iandikie hoteli yenyewe barua pepe fupi kwa Kiingereza. Taja tarehe, idadi ya watu na sababu ya safari, kisha uliza mambo haya: chumba cha bei hii kiko ghorofa gani, kinatazama Ring, mtaa wa pembeni au uani, kina mita za mraba ngapi, na bafu lina beseni la kuogea au manyunyu peke yake. Chini ya mita za mraba 25, watu wawili wenye masanduku ya safari ndefu wataruka juu ya mizigo yao. Uliza kuhusu kitanda pia, kwa sababu Austria kitanda cha watu wawili mara nyingi ni magodoro mawili yaliyowekwa bega kwa bega, kila mtu na shuka lake nene la manyoya. Kwa wengine ni sawa, kwa maharusi huenda si sawa. Waislamu, na yeyote aliyezoea kutumia maji chooni, waulize kama kuna bideti au bomba la mkono. Vyumba hutofautiana, na kuuliza mapema si aibu hata kidogo. Namna watakavyokujibu itakufundisha mengi. Hoteli inayokujibu kwa maelezo ya chumba hasa, ikitaja upande na ghorofa, inakuthamini. Inayokujibu kwa sifa za jumla na kiungo cha kulipia itakufanyia hivyohivyo ukifika.

Kuhusu fedha, soma bei hadi mwisho wa ukurasa. Kodi ya ongezeko la thamani kwa kawaida imo ndani ya bei, lakini kodi ya mji, ambayo Vienna huihesabu kwa asilimia ya gharama ya malazi, pengine huongezwa mwishoni. Staftahi ndiyo mtego mkubwa. Katika hoteli hizi hufika euro 40 au zaidi kwa mtu mmoja, na familia ya watu wanne kwa siku tatu italipa kiasi ambacho kingetosha usiku mzima mwingine. Ikiwa haimo katika bei, kunywa kahawa na mkate katika mkahawa wa jirani. Vienna haina upungufu wa mikahawa mizuri, na kahawa yako italetwa na glasi ya maji safi kutoka milimani. Maji hayo ndiyo yale yanayotoka bombani chumbani kwako, yakiletwa kutoka chemchemi za Alps kwa mfereji uliozinduliwa mwaka 1873, kwa hiyo chupa ya maji ya kulipia iliyo mezani iache ilivyo.

Bei huwa za namna mbili: nafuu isiyorudishwa, na ya juu kidogo unayoweza kuighairi. Kwa msafiri anayehitaji visa ya Schengen, chukua hii ya pili bila kusitasita. Ombi la visa linataka uthibitisho wa mahali pa kulala, linaweza kupelekwa hadi miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15, lina ada ya euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Jibu likiwa hapana, ada hairudi. Chumba nacho kisipotee. Ghairi tu ndani ya muda uliowekwa, na tunza barua ya uthibitisho wa kughairi.

Utakapofika watataka pasipoti, kwa kuwa sheria ya Austria inawataka waandikishe kila mgeni, na watazuia kiasi fulani kwenye kadi yako kama dhamana ya vinywaji na huduma. Hapo ndipo wasafiri wengi wa kwetu hukwama: kadi ya benki ya kawaida ina ukomo wa matumizi kwa siku, fedha zilizozuiwa hukaa siku kadhaa kabla ya kurudi, na benki yako ikiona malipo makubwa kutoka Ulaya inaweza kuifunga kadi. Zungumza na benki kabla ya kuondoka, waongeze ukomo, na ubebe kadi ya pili. Waulize hotelini kiasi watakachozuia ni shilingi ngapi kwa hesabu yako, ili usibaki huna nauli ya tramu.

Ndege za usiku kutoka Afrika Mashariki huwafikisha wengi Vienna asubuhi au kabla ya adhuhuri, ilhali chumba kwa kawaida hutolewa saa tisa alasiri. Andika mapema saa yako ya kufika. Hoteli kongwe nzuri itapokea mizigo, ikuonyeshe mahali pa kunawa, na chumba kikiwa tayari ikupe. Kutoka uwanja wa ndege, treni ya kawaida hadi kituo kikuu cha Hauptbahnhof huchukua kama dakika 15, kisha vituo viwili vya U1 hadi Karlsplatz. Ipo pia treni ya haraka ya uwanja wa ndege inayokwenda Wien Mitte kwa dakika 16, ila ni ghali zaidi na faida yake ni ndogo kwa anayekwenda hoteli hizi. Mwenye wazee au masanduku mengi aagize teksi kwa bei iliyokubaliwa kabla.

Mtu wa kumtafuta hotelini ni yule mhudumu wa kuwasaidia wageni, mwenye funguo mbili za dhahabu zilizopishana kwenye kola ya koti. Funguo hizo ni alama ya chama cha kimataifa cha watu wa kazi hiyo, na wanaozivaa wamezipata kwa uzoefu. Mwambie unachokitaka waziwazi: tiketi, daktari, fundi wa nguo, mgahawa wa halali. Kwa nyama, usitegemee kukisia. Jiko la Vienna linatumia nguruwe kwa wingi, hata katika supu na maandazi ya chumvi, na keki na michuzi huweza kutiwa pombe. Uliza kila sahani, hawatachukia. Kwa sala, Austria iliutambua Uislamu kisheria tangu 1912, na Kituo cha Kiislamu chenye msikiti mkubwa, kilichofunguliwa 1979, kiko karibu na kituo cha Neue Donau. Kutoka Karlsplatz panda U4 hadi Spittelau, kisha U6. Ijumaa ondoka saa nzima kabla.

Kwa bakshishi, euro moja au mbili kwa kila sanduku zinamtosha mbeba mizigo, na kwenye meza ya chakula watu huongeza kati ya asilimia 5 na 10. Jumapili maduka hufungwa karibu yote, kwa hiyo dawa, maziwa ya mtoto na soksi nzito za baridi vinunuliwe Jumamosi.

Kama fedha hazitoshi kwa safari nzima, usikae siku zote katika chumba kibaya cha hoteli kubwa. Lala siku za mwanzo katika nyumba ya wageni safi ya kawaida, utembee mji, uingie mkahawa wa Imperial au ukumbi wa Bristol kwa kikombe kimoja na uone palivyo, kisha usiku mmoja au miwili ya mwisho ulipe chumba kizuri hasa katika ile uliyoipenda. Waombe bili jioni ya kabla ya kuondoka, usome kila mstari, hasa wa friji ndogo ya chumbani, kwa sababu asubuhi ya kukimbilia ndege hakuna mwenye nafasi ya kubishana juu ya chupa ya maji ambayo hakuigusa.